Mali ya Mke na Zaka ya Mume

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baadu. Enyi ndugu zangu, soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanya biashara wengi wakaamka hawana kitu. Mmoja wao alikwenda kwa wenye kugawa zaka, akajibiwa: "Wewe si fakiri, mkeo huuza vitumbua." Akarudi na haya usoni, akaniuliza: Je, hukumu hii ni sawa?

Nikamjibu: Si sawa. Jua, ewe ndugu, ya kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi mali ya mke ni yake peke yake, wala hakulazimishwa kumlisha mumewe. Basi mume asiye na mali, na kazi imfaayo hakuipata, ni fakiri, ijapokuwa mkewe ana dhahabu. Na mke akimlisha kwa hisani, hisani hiyo haimtoi katika ufakiri, kwani aweza kuikata kesho. Lakini mwenye nguvu, na kazi imfaayo ipo, naye akakaa barazani kunywa kahawa, huyo hana haki katika fungu la mafakiri.

Kwa mke ni kinyume. Imamu Nawawi ametaja katika Minhaji kwamba anayetoshelezwa na matumizi ya mume si fakiri, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kwa kuwa matumizi hayo ni haki yake, si hisani.

Tena mke aweza kumpa mumewe fakiri zaka ya mali yake. Zainabu, mke wa Ibn Masudi, aliuliza juu ya kumpa mumewe, na Mtume s.a.w. akabainisha kuwa ana thawabu mbili: ya ujamaa na ya sadaka.

Wala usichanganye mizani mbili. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, hupima umaskini wa kaya nzima. Huko ukiulizwa pato la mkeo, sema kweli. Kuficha ni khiyana. Zaka humpima mtu na haki yake.

Nawe mume, tahadhari! Matumizi ya mkeo usiyoyatoa ni deni shingoni mwako, hata kama huna kitu. Akikusamehe, mshukuru, usizihesabu fedha za vitumbua kuwa zako.

Nanyi wenye kugawa zaka, msiulize, "Mkeo ana nini?" Ulizeni, "Wewe una nini, na nani amelazimika kukulisha?" Amana hii mtaulizwa.

Wallahu aalam.