Muhuri wa Mgeni na Ulimi wa Mkaazi

Tumeulizwa swali na kijana mmoja wa Tanga akaaye Eastleigh, Nairobi, nasi twaona si lake peke yake, bali ni la wengi walioko Pumwani, Kaloleni na Buruburu. Asema ameajiriwa dukani, na kibali cha kazi hana. Kila muda wake ukikaribia kwisha hupanda gari la moshi Syokimau, akashuka Miritini, akavuka Likoni mpaka Lunga Lunga. Hutoka nchini, hurejea, hugongewa muhuri mpya. Akiulizwa ajia nini, hujibu: "Natembea tu." Je, ana dhambi, na hali muhuri wake ni wa kweli?

Twajibu: safari si dhambi, wala muhuri si dhambi. Dhambi i katika lile neno "natembea".

Mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Julai 2010, wampa raia wa nchi moja ruhusa ya kuzuru nyingine bila viza kwa muda usiozidi miezi 6. Ama mwenye kuajiriwa kwa zaidi ya siku 90 hutakiwa aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba wake. Basi hiyo ni milango miwili, na kila mlango una ahadi yake. Mafakihi wetu wamesema kwamba apewaye amani ya kuingia nchi ya watu, naye amewapa wenyeji amani: asiwaibie wala asiwahadae.

Na kutimiza umbo la amri huku ukiivunja maana yake ndiko kuitwako hila. Katika Suratul Aaraf mna kisa cha watu waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Wafasiri wasimulia kwamba walitega kabla ya siku ile, wakakusanya baada yake, wakajiona wamesalimika. Hawakusalimika.

Huenda mtu akasema: "Mpaka huu waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakawagawa Wadigo na Wasegeju. Una haki gani juu yetu?" Hoja hii ina uchungu wa kweli, wala hatuidharau. Lakini walioupiga mstari ule wamekwisha kufa, na anayeambiwa uwongo leo ni karani aliye hai. Tena dhuluma ya mwenzio haikuhalalishii ulimi wako. Aliyezoea kusema uwongo forodhani, kesho atausema mizanini, na keshokutwa kwa mkewe.

Hata hivyo, mzigo mkubwa zaidi twauona juu ya tajiri wake. Yeye ajua kwamba asiye na kibali hawezi kumshitaki, kwa hiyo humlipa kidogo na kumfanyisha kazi saa nyingi. Na kijana wa mtaani atakaye ujira wa haki hukosa kazi. Tajiri huyo asali safu ya mbele, na hali atajirika kwa hofu ya mtu!

Nasi wenyeji tusijitakase. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na wazee wengi walioijaza Pumwani walikuja wakiwa wageni, wakabebeshwa kipande kama mifugo. Aprili 2014 maelfu walikamatwa Eastleigh, wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwenye kuyajua haya hamchongei jirani yake, wala hamtishi ili apate chochote kwake. Na aliyekimbia vita kuokoa roho yake, hukumu yake ni nyingine. Huyo ana dharura, na haki yake ni kupokewa.

Basi wewe kijana, mwambie tajiri wako akuandikie mkataba, uombe kibali. Akikataa, tafuta mwengine, na katika muda huo usiongeze uwongo juu ya uwongo. Nanyi watu wa misikiti, miongoni mwenu mna makarani na mawakili: mkaeni naye, mmjazie fomu, mmdhamini. Kumwambia mtu "acha haramu" ni jambo jepesi. Kumfungulia mlango wa halali ndiyo kazi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.