Saini ya mkaguzi wa ndege ni ushahidi mbele ya Allah

Shangazi yangu alipofariki kule Mafia, mimi nilikuwa Dar es Salaam. Habari zilinifikia baada ya Swala ya Alfajiri, nikaambiwa maziko ni baada ya Alasiri. Sisi Waislamu tunajua kuwa maiti hacheleweshwi. Safari ya basi hadi Nyamisati na kisha boti isingenifikisha kwa wakati, hivyo nikakopa nauli ya ndege ndogo, zile za injini moja zinazochukua abiria wachache. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa uwanjani, tiketi mkononi.

Abiria tulikwisha kuitwa na tumesimama karibu na ndege, alipokuja mkaguzi wa serikali kufanya ukaguzi wa ghafla. Akaomba leseni ya rubani na vyeti vya ndege. Akaizunguka, akainama kutazama matairi, akapanda ndani kuangalia mikanda na mtungi wa kuzimia moto. Kisha akafungua kitabu cha kumbukumbu za ndege, akasita. Rubani aliyeirusha jana yake alikuwa ameandika kuwa geji ya mafuta ya upande mmoja inacheza, haieleweki. Chini ya maandishi hayo ipo sehemu ya fundi kueleza alichofanya na kutia saini. Sehemu ile ilikuwa tupu.

Rubani akasema fundi ameshaitazama, ulikuwa waya umelegea tu. Mkaguzi akauliza, fundi mwenyewe yuko wapi? Hayupo, na simu yake haipatikani. Basi, akasema mkaguzi, ndege haiondoki mpaka fundi mwenye leseni aitazame na asaini.

Mkaguzi yule nilimfahamu. Tulikuwa tukikaa naye darsa ya tafsiri msikitini baina ya Magharibi na Isha. Nikamsogelea, nikamwambia: "Ndugu yangu, shangazi yangu anazikwa leo. Fanya wepesi, na Allah atakufanyia wepesi." Akanipa pole, akamuombea marehemu, kisha akasema: "Ustadh, nisamehe. Siwezi." Nikamkumbusha, tena mbele ya watu, kwamba dini yetu ni nyepesi. Hakunijibu.

Ndege haikuondoka siku ile. Shangazi aliyenilea nilipokuwa mdogo alizikwa bila mimi kumtia mchanga. Kesho yake fundi alikuja, akaitazama ile geji, akasaini, ndege ikaruka na ikafika salama. Niliposikia hivyo hasira yangu ikazidi. Si hayo! Haikuwa na kitu! Kwa miezi kadhaa sikuzungumza na mtu yule zaidi ya salamu.

Kilichonirudisha kwenye jambo hili ni swali la mwanafunzi. Nilikuwa nasomesha aya ya 85 ya Suratun-Nisaa, ambamo Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa mwenye kuombea jambo jema atapata fungu lake katika wema huo, na mwenye kuombea jambo baya atabeba sehemu ya mzigo wake. Kijana mmoja akauliza: "Ustadh, na kama lile baya halikutokea?" Nilimjibu kwa kifupi tukaendelea na somo, lakini nilijua sijamjibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu yeye, na kujijibu mimi.

Mkaguzi anafanya nini hasa?

Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kimataifa, kila nchi ndiyo inayotoa cheti cha kuthibitisha kuwa ndege iliyoisajili inafaa kuruka. Hapa kwetu kazi ya kusimamia usalama huo ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoanza mwaka 2003. Lakini mkaguzi hatengenezi ndege, wala hawezi kuwepo kila ndege inapoondoka. Usalama wote umejengwa juu ya mnyororo wa saini. Fundi anasaini kuwa ametengeneza. Rubani anasaini kuwa ameikubali ndege. Mkaguzi anapita kuangalia kama saini hizo zina ukweli nyuma yake.

Abiria hayumo katika mnyororo huu. Yeye hajui geji wala waya. Analipa nauli, anafunga mkanda, anasoma dua ya safari. Roho yake ipo katika amana ya watu asiowajua majina. Na katika ndege ndogo amana hii ni nzito zaidi, kwani mara nyingi injini ni moja na rubani ni mmoja. Kosa moja halina wa kulisahihisha.

Sasa tujiulize: saini ni nini katika sheria yetu? Ni ushahidi. Anayesaini kuwa ndege ni nzima anasema, "Nashuhudia kuwa nimeona na ni kweli." Katika aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, Allah (s.w.) anawaamrisha waumini wasimame imara katika uadilifu na ushahidi, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa, awe mhusika ni tajiri au maskini. Angalieni, ndugu wasomaji, kuwa maskini ametajwa pia! Huruma, nayo, inaweza kumpotosha shahidi. Mimi nilikwenda kwa mkaguzi na huruma ya msiba, nikitaka aitumie kama wino.

Kazi hii si ngeni

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya wazungu tu. La hasha! Dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, mkaguzi wa serikali aliyepita sokoni akitazama mizani, vipimo na ubora wa bidhaa. Al-Mawardi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake cha hukumu za utawala anaeleza kuwa muhtasib ana haki ya kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie kupita uwezo wa chombo, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Yaani karibu miaka elfu moja iliyopita wanazuoni wetu walikwisha kuona kuwa mwenye chombo hawezi kuachiwa peke yake kuamua, kwa sababu ana maslahi katika nauli.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tunaikumbuka MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Nani asiyejua mtu aliyepoteza mtu? Ndege ndogo ni jahazi la angani. Hukumu ni ile ile.

Wakaguzi wawili

Turudi kwa swali la yule kijana. Tuchukue wakaguzi wawili. Wote wawili wamesaini ndege bila kuitazama. Ndege ya kwanza ikaanguka, ya pili ikafika. Je, wa pili ana afadhali?

Nchini Marekani, Januari 8, 2003, ndege ndogo ya aina ya Beechcraft 1900 ilianguka ikiondoka Charlotte, wakafa wote 21. Uchunguzi ulionesha kuwa siku mbili hivi kabla, fundi aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza katika ndege ya aina ile alirekebisha vibaya nyaya za usukani wa mkiani. Mkaguzi wa karakana, ambaye ndiye aliyekuwa akimfundisha, alikubali baadhi ya hatua za kitabuni zirukwe. Isitoshe, uzito wa abiria ulikadiriwa kwa wastani uliokuwa chini ya uzito halisi wa watu. Wachunguzi waliitaja pia serikali kwa kutosimamia vya kutosha.

Lakini zingatia jambo hili: baada ya matengenezo yale, ndege iliruka safari kadhaa na kutua salama. Katika safari hizo zote kosa lilikuwemo ndani yake na saini ilikuwemo kitabuni. Abiria walishuka wakaenda zao wakisema safari ilikuwa nzuri.

Mfano mwingine ni wa Desemba 19, 2005. Ndege ya majini aina ya Grumman Mallard, iliyoundwa mwaka 1947, iliondoka Miami kwenda Bimini, Bahamas. Bawa la kulia likakatika angani, wakafa watu 20. Ilibainika kuwa chuma cha bawa kilikuwa na ufa uliokua kwa muda mrefu, na dalili zilikuwepo, mojawapo ikiwa mafuta yaliyokuwa yakivuja. Ripoti ililaumu utaratibu wa matengenezo wa kampuni, na ikailaumu serikali kwa kushindwa kuugundua na kuurekebisha udhaifu huo. Ni mara ngapi ndege ile iliruka na ufa wake ikatua salama? Je, usalama wa jana ulikuwa ushahidi wa uzima wa bawa?

Wanazuoni wa fikihi wametenganisha mambo mawili, dhambi na dhamana. Dhamana hufuata madhara. Aliyesababisha kifo kwa uzembe ana la kujibu kuhusu dia na kafara, na ambaye hakumdhuru mtu hana dia ya kulipa. Lakini dhambi ya ushahidi usio na elimu haisubiri madhara. Imekamilika pale kalamu inapoinuliwa kutoka kwenye karatasi. Katika aya ya 36 ya Suratul-Israa tunakatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na tunaonywa kuwa masikio, macho na moyo vitaulizwa. Macho ya mkaguzi wa pili yataulizwa: mliiona ndege? Jibu litakuwa hapana, ingawa ilifika.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Baya lilikwisha kutokea. Aliyeokoka amesamehewa dia tu.

Kadari si kinga ya mzembe

Ajali ikitokea, wapo watakaosema, "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Ni kweli, hakuna jambo litokalo nje ya kadari. Lakini kauli hii ni faraja kwa mfiwa. Haikuwekwa iwe wakili wa mzembe. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata habari ya tauni, alirudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwa maana kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Mkaguzi anayezuia ndege yumo ndani ya kadari, kama alivyo rubani anayetaka kuondoka. Na ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akategemea.

Nikiri pia upande wa pili. Ukali usio na elimu nao ni dhulma. Ndege ndogo ndiyo humchukua mama mjamzito kutoka kisiwani kwenda hospitali kubwa. Mkaguzi anayezuia ndege ili atafutwe pembeni, au kwa kiburi cha kitambulisho, amekula amana sawa na anayesaini bila kuona. Mtume (s.a.w.) alimkemea mkusanyaji wa zaka aliyerudi na zawadi akidai ni zake, akamuuliza kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zitamfuata. Wakaguzi wa leo na wajiulize kuhusu tiketi za bure na bahasha. Mizani ni moja: anazuia kwa alilolikuta kitabuni na kwenye chombo, na anaruhusu kwa hilo hilo.

Sehemu yetu sisi

Mkaguzi akikosea, tunaona. Akifanya vizuri, hakuna kinachoonekana isipokuwa abiria waliokasirika. Hakuna gazeti litakaloandika kuwa ndege haikuanguka. Mtu wa namna hii anazungukwa na watu wanaomsukuma: mwenye kampuni kwa hasara yake, rubani kwa ratiba yake, mheshimiwa kwa simu yake, na mwalimu wa dini kwa msiba wake. Kila mmoja ana sababu ya haki machoni pake. Akikubali ya mmoja, kesho atashindwa kukataa ya mwingine.

Nilimfuata baada ya Isha, nikamuomba radhi. Nikamuuliza, ulijua kuwa ingeanguka? Akasema: "Hapana, Ustadh. Pengine ungefika ukazika. Hata mimi sikulala usiku ule." Nikamuuliza tena, kwa nini basi? Akasema: "Kile kitabu kilikuwa kitupu. Ningeandika nini?"

Sikupata jawabu la uchungu wangu. Sitajua kamwe kama mtu yule aliniokoa au alininyima tu maziko ya shangazi yangu, na kwa jinsi kazi yake ilivyo, hakuna atakayejua. Lakini najua nilichomuomba. Nilimuomba ashuhudie asichokiona, nikaliita ombi hilo wepesi wa dini.

Ndugu zangu, safari ijayo mkizuiliwa uwanjani au gatini, ulizeni sababu, kwani ni haki yenu. Mkiambiwa ni usalama, subirini, wala msimtafute mtu wa kumpigia simu. Namuomba Allah (s.w.) amrehemu shangazi yangu, na awape nguvu wale wanaosema "siwezi" tunapowasihi.

Wallahu a'lam.