Rangi ya Siku Moja

Je, furaha ya siku moja humtendea mtu haki, au humpumbaza tu? Nalijadili swali hili kupitia Holi, sikukuu ya Wahindu ya kupokea majira ya kuchipua, ambayo huangukia Februari au Machi, mwezi unapokuwa mpevu. Usiku wa kuamkia sikukuu huwashwa moto mkubwa kukumbuka jinsi Holika alivyoungua na kijana mcha Mungu, Prahlad, akasalimika. Asubuhi watu hurushiana maji ya rangi na unga uitwao gulal. Tajiri na maskini, mkubwa na mdogo, husemwa kuwa wote hupakwa.

Neno "wote", hata hivyo, lilikuwa na mipaka. Kwa mila za Wahindu wengi, hasa wa matabaka ya juu, mjane alitakiwa avae nguo nyeupe na ajitenge na rangi na sherehe. Katika mji wa Vrindavan, jimbo la Uttar Pradesh, wanaishi maelfu ya wajane, baadhi yao wakiwa wametelekezwa na jamaa zao. Mwaka 2013 baadhi ya wajane hao walianza kucheza Holi kwa msaada wa shirika la Sulabh International, na mwaka 2016 wakaicheza ndani ya hekalu la kale la Gopinath.

Mpinzani atasema kwamba rangi huoshwa jioni, na kesho yake mjane anaamkia umaskini ule ule. Hoja hii ina uzito. Sherehe haimrudishii mjane urithi wake. Anayemrushia rangi asimuulize amekula nini, amejifurahisha nafsi yake tu.

Lakini mjane hakufungwa na umaskini peke yake. Alifungwa pia na imani kwamba rangi ni mwiko kwake. Alipoigusa hadharani, tena hekaluni, jua likachwa kama kawaida. Tangu hapo, anayetaka kuurudisha mwiko huo ndiye anayedaiwa sababu.

Siwanyooshei Wahindu kidole. Katika jamii kadhaa za kwetu Afrika Mashariki pia, mjane hupangiwa avae nini na arithiwe na nani. Kwa hiyo naona siku moja inatosha kuvunja uongo, ingawa haitoshi kujenga haki. Kazi hiyo ya pili ni ya siku zote zinazobaki za mwaka, na ni yetu sote tunaofurahia sherehe.