Amana Katika Wingu

Miaka michache iliyopita, bibi mmoja wa hapa Kirongwe alinighania beti alizozitunga ujanani mwake, alipoachwa na mume. Alipomaliza alisema: "Mwanangu, ziandike zisipotee. Lakini zisitoke nje ya nyumba yako mpaka nitakapokufa." Nikaziandika daftarini, kisha nikazipiga chapa kwenye kompyuta. Kwa kuhofia mchwa, unyevu na umeme usio na ahadi, nikazipandisha katika hifadhi ya mtandaoni, ile waiitayo wingu. Nikalala usingizi mnono. Siku nyingi zilipita kabla sijajiuliza: je, beti zile zimetoka nje ya nyumba, au hazijatoka?

Wingu ni jina zuri la kishairi, ila si la kweli. Wingu la mvua halina mwenyewe, hili linaye. Ni majumba ya mitambo yaliyojengwa katika ardhi za watu, chini ya sheria za watu, nasi twayafikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za EASSy na Seacom zilipokatika, wengi nchini Tanzania walishindwa kukifikia walichokuwa wakikiita chao.

Mikataba ya hifadhi hizi huandikwa kwa lugha ya upole. Ule wa Google, kwa mfano, hutamka kwamba kilicho chako hubaki kuwa chako. Kisha humwomba mtumiaji kibali, chenye kuenea dunia nzima, cha kukihifadhi na kukinakili ili huduma ziendeshwe. Siuiti huo wizi, maana mtambo hauwezi kukuonyesha shairi lako bila ya kulinakili. Na kwa upande wa sheria, Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa karatasi, basi, mwenye mali anajulikana.

Lakini yule bibi hakuniuliza shairi ni la nani. Aliniwekesha amana, na amana ni jambo jingine. Katika fiqhi ya Kishafii, iliyozoeleka pwani hii, aliyewekeshwa haitumii amana bila ya idhini, huirejesha inapodaiwa, wala haiweki kwa mtu wa tatu pasi na ruhusa ya mwenyewe au dharura. Mapokeo yasimulia kwamba Mtume Muhammad alipohama Makka mwaka 622, alimwacha Ali nyuma azirejeshe amana za watu. Hakutosheka kutamka kuwa ni zao. Alihakikisha zimefika mikononi mwao.

Tukiipima hifadhi ya mtandaoni kwa mizani hiyo, twaona ilipopungua. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga; na ni nani asiyekuwapo kuliko marehemu aliyezikwa na neno lake la siri?

Hata hivyo, nikiishia kuilaumu kampuni nitakuwa nimejificha. Mtu wa tatu hakuja kuzichukua beti kwangu. Mimi ndiye niliyempelekea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika nchini tarehe 1 Mei 2023, yaweza kumbana mwenye mitambo. Dhamira yangu haiwezi kuisafisha.

Msomaji atanikumbusha habari ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Mashairi yake yalisalimika kwa kuwa Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor waliyakusanya baadaye, na karatasi zikaishia London. Mwaka 1940 W. Hichens akayatoa kitabuni. Mkono wa mbali ulitutunzia, nasi twashukuru. Ila mengi ya Muyaka yalikuwa ya hadhara, ya kujibizana na kuutetea mji. Bibi yangu alinong'ona. Lililosemwa barazani na lililosemwa chumbani hayawekwi kasha moja.

Mwishowe nilimwendea, nikakiri. Alinisikiliza, kisha akauliza: "Huyo mwenye kasha, Kiswahili anakisoma?"

"Mama, siku hizi mitambo husoma lugha nyingi."

Akanyamaza kitambo. "Basi zirudishe."

Nimezifuta. Zimebaki daftarini, ndani ya sanduku, na mchwa nawalinda kwa mafuta ya taa. Lakini kufuta si sawa na kutoa karatasi kashani: mkono ulioshika nakala ya mwisho siuoni, na bibi nimemwambia hivyo. Tangu siku hiyo, kila anayenighania humuuliza kwanza nimwekee wapi, kabla sijashika kalamu.