Je, Huruma Inahitaji Leseni?

Jumapili moja tulitoka ibadani hapa Manundu tukaenda moja kwa moja kwa mama mmoja wa usharika wetu. Asubuhi ile alikuwa ameanguka jikoni. Tulimkuta mkekani, mdomo umepinda, akifumbua macho na kuyafumba, huku gari la kumpeleka hospitali likisubiriwa. Jirani alikuwa amepika uji. Mmoja wetu akamwinua kichwa, mwingine akachota kijiko. Kabla hakijafika mdomoni, binti wa jumuiya yetu ambaye ni muuguzi aliushika ule mkono.

“Shikamooni wazazi wangu. Naomba msimpe kitu. Hajapimwa kama anaweza kumeza. Uji ukipita njia ya hewa, tutampoteza.”

Tulinyamaza, lakini baadhi yetu tulichukia moyoni. Mtoto tuliyemwona akibatizwa anatukataza kumlisha mwenzetu?

Hasira ile ilificha swali ambalo tumelibeba tangu siku hiyo. Kanisani tumezoea kusema uuguzi ni wito. Kama ni wito, mbona una mitihani, usajili na leseni? Mungu akishamwita mtu, binadamu anaongeza nini?

Hapa kwetu Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi asajiliwe na awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na Baraza hilo laweza kumwita ajieleze akikosea. Kipo pia Chama cha Wauguzi Tanzania, kinachowaunganisha wauguzi wenyewe. Wale wanaouguza wagonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu wana hata shirikisho lao la dunia, lililoanzishwa mwaka 1969. Wagonjwa wa namna hiyo hupelekwa hadi taasisi ya MOI kule Muhimbili, zaidi ya kilomita 250 kutoka kwetu.

Kwa nini ubongo udai uangalifu wote huo? Aliyevunjika mguu hulia akishikwa vibaya. Aliyepoteza fahamu halii, hivyo kosa letu halina wa kulisema. Ndiyo maana mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha mambo matatu: anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Aliye macho kabisa hupata 15; wa chini kabisa hupata 3. Muuguzi wa usiku akiandika 13 saa sita, na saa nane akikuta 10, hangoji kukuche, anamwita daktari. Na wa asubuhi akiingia, anaanzia pale mwenzake alipoishia. Huruma ya moyoni haikabidhiwi zamu kwa zamu. Maarifa yaliyoandikwa hukabidhiwa.

Tumemkumbuka Msamaria. Tunapohubiri habari zake tunasifu moyo wake, tukisahau mikono yake. Alijua la kufanya na majeraha, akayatia mafuta na divai na kuyafunga. Kisha akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Alijifunga kwa neno ambalo angeweza kudaiwa. Leseni nayo ni ahadi ya namna hiyo: mimi nitaulizwa habari za mtu huyu.

Lakini tusiipe leseni kazi isiyo yake. Baraza laweza kumwajibisha aliyeacha kumgeuza mgonjwa; haliwezi kumpa upendo anapomgeuza. Mama yetu aliporudishwa nyumbani hakuwa akisema wala kuonyesha kwamba anatutambua. Binti yule alikuja kuwafundisha wajukuu kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Kila alipomshika alisema, “Mama, sasa nakugeuza upande wa kulia.” Tukamwuliza, “Kwani anasikia?” Akajibu, “Sijui. Namwambia kwa sababu ni yeye ninayemgeuza.”

Jibu hilo haliandikwi kwenye leseni yoyote. Lakini aliyelitoa ndiye yule aliyeuzuia mkono wetu, na tunaona sasa kwamba mara zote mbili alikuwa akifanya jambo moja. Maarifa yalimlinda mama na upendo wetu usiojua. Wito ulimlinda asigeuke mzigo wa kupinduliwa. Mgonjwa asiyeweza kujitetea anahitaji vyote viwili, na tukimnyima kimoja tumemwibia.

Siku hizi tukienda kuwaona wagonjwa tunauliza kwanza, “Muuguzi amesema nini?” Kijana wa bodaboda akianguka barabarani, tunakatazana kumnyanyua mikono na miguu kama gunia. Si kwamba imani yetu imepungua. Tumetambua kwamba kumpenda jirani ni pamoja na kukubali kufundishwa, hata na mtoto anayetuamkia.

Uji wa siku ile haukumwagwa. Walipewa wajukuu, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kuwalisha.