Aliyetumwa Kutoa

Kijana anayekwenda kukaa kijijini kwa kazi ya dini, awe frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, aliyepelekwa kwa mwaka wake wa uchungaji, au katekista, au mtu wa kujitolea aliyevuka bahari, aghalabu huondoka kwao na hesabu moja tu kichwani, nayo ni hesabu ya vile atakavyotoa: atafundisha, atauguza, atachimba kisima, atawafariji wajane, atawakusanya vijana wacheze mpira wasishinde kilabuni. Hesabu ya pili, ile ya vile atakavyopokea, hakuna amfundishaye, wala haimo katika vitabu alivyofunga sandukuni. Nilikuwa frateri huko Kiwangwa katika ujana wangu, kabla sijaiacha njia ya upadre na kushika hii ya kalamu, na katika yote niliyoyaonja huko, maji ya shida, giza la usiku, na umbali wa vigango, hakuna lililonielemea kama kupewa.

Kiwangwa iko bara kidogo ya mji wa Bagamoyo, kando ya barabara iendayo Msata, barabara ya kilomita 64 ambayo sasa ni lami tupu, na wakati ule ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Ni nchi ya Wakwere, Wazigua na Wadoe, na Wazaramo hawako mbali, pamoja na watu wa bara waliofuata ardhi. Na mpita njia hata leo ataijua kwa mananasi yaliyopangwa kando ya barabara, maana sifa ya nanasi la Kiwangwa ilifika Dar es Salaam zamani. Waislamu ni wengi, Wakristo wametawanyika, na mara nyingi hao wawili ni ndugu wa tumbo moja au wakwe, hata frateri akialikwa harusini hana budi kuuliza kwanza kama ni ya msikitini au ya kanisani, ingawa vyovyote iwavyo atakula pilau.

Siku yetu ilianza kwa adhana, kwa kuwa muadhini alituzidi kuamka. Kengele yetu, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa katika tawi la mwembe, ilifuata baadaye, pamoja na sauti za mifagio na vikohozi vya wazee. Baada ya sala nilichukua dumu nikaenda kisimani, ambako kina mama walikuwa wamekwisha panga foleni kabla ya jua. Waliponiona walinipisha. "Frateri, tangulia wewe, una kazi ya Mungu," alisema bibi mmoja ambaye mgongo wake ulikuwa umepinda, na ambaye kazi ya Mungu iliyomngoja nyumbani, yaani wajukuu yatima na jiko lisilo na kuni, ilikuwa kubwa kuliko yangu mara nyingi.

"Shikamoo, bibi. Nitasubiri zamu yangu."

"Marahaba, mwanangu. Basi tusubiri wote," akajibu, na foleni nzima ikasimama kutungoja sisi wawili tuliokuwa tukistahiana.

Taadhima ya namna hiyo huonekana tamu kwa anayeitazama kwa mbali, walakini ndani yake mna ukuta. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu wa dini huweza kukaa miezi na jembe asipewe, akaendelea kukalishwa kitini huku wenye nyumba wamekaa mkekani, na kuletewa maji ya kunawa na mtoto aliyepiga magoti. Ulipofika wakati wa kula nilipokuwa mgeni kigangoni, mara nyingi kuku alichinjwa. Kuku huyo, katika nyumba ya kuta za miti na udongo, hakuwa kitoweo tu. Alikuwa akiba, alikuwa daftari la shule, alikuwa nauli ya kumpeleka mgonjwa Bagamoyo. Watoto walichungulia mlangoni, wakafukuzwa, wakarudi. Siku moja nikamwuliza kwa sauti ndogo katekista wangu, mzee aliyekuwa ameitumikia kazi ile tangu mimi sijazaliwa, iwapo isingekuwa insafu zaidi kukataa.

"Ukikataa, Frateri, umewaambia kwamba wao ni maskini," alinijibu. "Kula, ila bakiza. Mgeni mwenye adabu habakizi mifupa mitupu."

Mzee yule hakupata kusoma teolojia, lakini sijasikia fundisho lililokamilika kuliko hilo juu ya mwenendo wa mtu wa Mungu miongoni mwa mafukara. Kumbe ile sinia iliyoletwa kwa heshima kubwa ilikuwa imekusudiwa njia mbili tangu jikoni: kwenda kwa mgeni, na kurudi kwa watoto, na murua wa mgeni ulipimwa kwa kile kilichorudi. Nimewaona wageni waliokula chote kwa kudhani kwamba ndiyo shukrani, na nimewaona waliosusa chote kwa kudhani kwamba ndiyo huruma, na sijui ni kundi lipi lililoacha huzuni kubwa zaidi katika nyumba ile.

Jumapili, pale padre alipokuwa kigango kingine, niliongoza ibada, na baada ya ibada ulikuja mnada. Msomaji wa mjini huenda hajauona: matoleo hayakuwa fedha tupu, bali vilevile mihogo, mayai, unga katika kisonzo, na mananasi katika msimu wake, na vitu hivyo viliuzwa hapo hapo chini ya mwembe kwa kushindania bei, ili fedha zitumike kwa mahitaji ya kigango. Mjane mmoja alileta nanasi moja. Jirani yake Mwislamu, aliyekuwa akipita zake na baiskeli, alisimama, akashindana na mwenyekiti wetu wa kigango kwa vicheko na utani, akalipandisha nanasi lile hata bei ambayo hakuna mchuuzi angeitoa, akalipa, kisha akalirudisha kwa mjane yule yule na kupanda baiskeli yake. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Na hapa nina neno juu ya mahubiri ya bidii, kwa maana hayo ndiyo hupendwa mno na vijana waliotoka seminarini na waliotoka ng'ambo. Nanasi humtaka mkulima angojee mwaka na zaidi tangu kupanda chipukizi hata kuvuna. Humtaka apalilie katikati ya majani yenye miiba, juani, kwa mgongo ulioinama. Kisha likiiva halingoji, nalo huiva wakati mmoja kwa watu wote. Hapo ndipo malori huja, na mwenye lori, akijua kwamba tunda lisiponunuliwa leo kesho litaoza, hutaja bei yake mwenyewe na kuwasha sigara. Ufukara nilioukuta Kiwangwa haukuzaliwa na uvivu, wala ardhi haikuwa bahili. Sehemu kubwa ilizaliwa pale kando ya barabara, katika mapatano ambayo upande mmoja unakimbizwa na saa na upande mwingine una lori. Kusimama mbele ya watu wa namna hiyo na kuwausia wafanye kazi kwa bidii ni utovu wa adabu.

Wala jambo hili la mtoaji kuishi kwa hisani ya wengine si geni katika pwani yetu. Ndiyo historia yenyewe ya umisionari wa Bagamoyo, ijapokuwa husimuliwa kinyume. Mwaka 1868 Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja kuja kuanzisha misheni na kijiji cha waliokombolewa utumwani, walikaa kwa ridhaa ya Sultani Majid bin Said, mtawala Mwislamu wa nchi ya Waislamu. Walitoa mengi, sikatai: waliwanunua watoto katika soko la watumwa na kuwafundisha kusoma, kulima na kufua chuma, ijapokuwa uhuru wa watoto wale nao ulikuwa na kengele, ya sala na ya shamba, na wengine hawakuupenda. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha majengo ya misheni. Homa iliwazika wamisionari wengi wakingali vijana, na makaburi yapo hadi leo, kila mtu akayasome. Hata Abushiri bin Salim alipoinua vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na mji ukatumbukia katika moto, maelfu ya raia walikimbilia misheni, nayo ikasalimika kwa sababu Abushiri mwenyewe aliamua isiguswe. Sewa Haji naye, tajiri Mwismailia aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ili wagonjwa wahudumiwe.

Na yule aliye mashuhuri kuliko wote, David Livingstone, aliingia Bagamoyo Februari 1874 akiwa maiti, amebebwa mabegani na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kwa miezi mingi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akalazwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa kuzikwa London. Jina lake limeandikwa kila mahali. Bega lililombeba halikumbukwi sana.

Lile jembe la methali nilipewa hatimaye. Alifariki mzee mmoja wa karibu na kigango, Mwislamu, na asubuhi vijana walipokwenda kuchimba kaburi mmoja wao alinipitia mlangoni, akaninyooshea mpini bila kusema frateri wala neno la heshima, akaniambia tu twende, jua linapanda. Nilichimba kwa zamu kama wao, nikachekwa kwa mikono laini, nikanywa maji ya kata moja nao. Tangu siku ile kina mama kisimani waliniacha nisimame katika zamu yangu, na watu wakaanza kunieleza shida zao kwa majina yake halisi: deni la duka, mume aliyekimbilia mkaa, binti aliyeacha shule. Yale niliyokuwa nimeyasikia kabla ya hapo, nikiwa kitini, yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya mgeni.

Kwa hiyo nawasihi walezi wa seminari, na mashirika yanayowatuma vijana wetu na wa wenzetu katika vijiji vya Pwani na kwingineko, wasiwapeleke na sanduku la misaada katika mkono mmoja na ratiba katika mwingine. Wawapeleke kwanza bila kitu, msimu mzima wa kulima, wakae chini ya mzee wa mahali, wale kinacholiwa, wachelewe kuhubiri. Na kijana akifika, kabla hajauliza kijiji kinahitaji nini, amwulize mwenyeji wake kwa adabu kile chumba alichopewa kilikuwa cha nani, na huyo mtu sasa analala wapi.