Mwanasesere wa Bure

Sisi tulio wazazi hufurahi mtoto wetu anapopewa kitu bure dukani. Twasema asante, basi. Ni nadra kuuliza mtoaji anataka nini.

Huko Marekani, katika miaka ya 1890, wenye kuuza kahawa, nyuzi za kushonea na unga waligawa pamoja na bidhaa zao wanasesere wa karatasi, wenye rangi nzuri, wa kukatwa kwa mkasi na kuvishwa nguo za karatasi. Mtoto aliyepata mmoja alitaka na ndugu zake wote, na mama akanunua tena. Hilo ni jambo la biashara, nasi twaweza kulisamehe.

Lakini yuko mmoja ambaye hatuwezi kumpita upesi. Karibu na mwaka 1895, kampuni ya R. T. Davis ya Missouri, iliyouza unga wa chapati za maji, ilitoa wanasesere wa Aunt Jemima na jamaa yake, watu weusi. Walichorwa miguu mitupu, wamevaa matambara. Kisha zilikuwako nguo za fahari za kuwavika juu. Matambara yalikuwa ya kabla ya kuuza siri ya mapishi yao, fahari ni ya baada ya kuiuza. Mtoto akiwavika na kuwavua alifundishwa kwamba mtu mweusi hutoka katika umaskini kwa hisani ya mnunuzi wake. Na hadithi yenyewe ni ya uongo. Unga ule ulibuniwa mwaka 1889 na Wazungu wawili, na jina walilitoa katika wimbo wa maigizo ya kuwadhihaki watu weusi.

Wengine watasema mtoto alikuwa akicheza tu. Sisi twaona hapo ndipo penye ubaya. Mama angeweza kubishana na mwenye duka. Mtoto na mkasi wake hakuwa na la kubisha.

Tena alikuwako mwanamke wa kweli. Nancy Green, aliyezaliwa utumwani Kentucky, ndiye aliyevishwa jina hilo akapika mbele ya watu katika maonyesho ya Chicago, mwaka 1893. Aligongwa na gari akafa mwaka 1923. Jina la Aunt Jemima lilibaki kwenye unga mpaka mwaka 2021, na karatasi zile za watoto bado zinatunzwa na wakusanyaji. Kaburi lake yeye lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 2020.